Jina Lisilokuwa Ukutani Lesarda

Melbourne, 24 Februari 1975

Dada Ersilia,

Nakuamkia wewe na shemeji Celso. Mimi ni mzima. Joto la huku mwezi huu halina adabu. Juzi nilimwaga sakafu ya terazo kwa Mgiriki mmoja asubuhi, kufika jioni imepasuka toka mlangoni hadi jikoni, nikaivunja yote. Baba mkwe tulimzika mwaka jana kama nilivyokueleza, na tangu hapo nyumba iko kimya. Mke wangu Maureen anawasalimu nyote.

Telegramu yako ya Januari niliipata karakana. Nilikujibu kuwa siwezi kuwahi maziko. Kwa hilo tulielewana, au mimi nilidhani tumeelewana.

Sasa jambo lenyewe. Nilimwomba binamu Gaudenzio anipigie picha ya tangazo la msiba wa Mama, lile lililobandikwa ukutani kando ya duka la mikate. Picha imefika. Nimeitazama kwa miwani na bila miwani. Ukingo mweusi upo, msalaba upo, jina la Mama limekaa vizuri katikati: Orsola Zanola. Chini yake wametajwa wanaotangaza msiba: binti yake Ersilia na mumewe Celso, mpwa wake Gaudenzio, na muuguzi wake aitwaye Pia.

Huyo Pia! Mwanamke wa kubadilisha mashuka ametajwa, mtoto wa kiume wa pekee hakutajwa. Unajua kama ninavyojua mimi kwamba Lesarda tangazo la msiba husomwa kabla ya gazeti, na asiyejua kusoma husomewa. Mtoto asiyeonekana pale, mji mzima unaelewa kuwa ama amekufa ama amekanwa. Mimi sijafa.

Nataka kujua kosa ni la mpiga chapa Tadini au ni lako. Kama ni la Tadini, mvute masikio. Kama ni lako, nieleze.

Barua nitumie karakana kama kawaida, si nyumbani.

Ndugu yako,
Fermo


Lesarda, 2 Aprili 1975

Mdogo wangu Fermo,

Barua yako imechelewa kwa sababu watu wa posta wamegoma tena. Hatujambo. Maua ya kamelia yamechanua yote kwa pamoja, na hoteli zimeanza kufungua madirisha. Celso anapaka boti rangi na kuimba, kwa hiyo majirani wanateseka. Kifua cha Gaudenzio kimepona. Paka wa Mama amehamia kwa Pia kwa hiari yake mwenyewe.

Pole kwa sakafu.

Tadini hakukosea. Mzee yule amechapa misiba ya mji huu tangu kabla ya vita, na hajawahi kusahau mtu. Aliniuliza mara mbili: "Na Fermo je?" Nikamwambia chapa kama ilivyoandikwa. Akavua miwani, akaifuta, akachapa.

Unataka sababu. Nijibu kwanza wewe: Septemba ya mwaka sabini na tatu ulikuwa wapi?

Dada yako,
Ersilia


Melbourne, 5 Mei 1975

Dada,

Nakuamkia. Ni mzima, mgongo tu ndio unanisumbua, na daktari anasema niache kupiga magoti. Fundi sakafu asiyepiga magoti ni sawa na padri asiyepiga magoti: aende akauze samaki. Maureen anawasalimu.

Septemba ya sabini na tatu nilikuwa hapa Melbourne nikimwaga sakafu ya hospitali, ghorofa mbili na ngazi. Niulize na mwezi mwingine wowote. Umekuwa polisi siku hizi?

Ninajua kinachoendelea. Umebaki na nyumba. Umebaki na jiko, na vyombo, na kiti cha Mama cha dirishani. Mimi sikusema neno. Nilipoondoka Italia mwaka hamsini na tano nilikuwa na sanduku la kadibodi na shati moja la heshima, na hakuna hata mmoja wenu aliyeniambia, "Fermo, baki." Nililala chumba kimoja na watu kumi wa kutoka kusini, Calabria, ambao hata lugha yao sikuielewa. Wewe ulikuwa unakula ugali wa Mama. Sasa umechukua hata ukuta!

Januari ijayo Mama atatimiza mwaka. Kutakuwa na misa, na tangazo la kumbukumbu litabandikwa palepale. Ninakwambia mapema: nataka jina langu liwemo, na liwe la kwanza, kama ilivyo haki ya mtoto wa kiume. Usipoliweka nitamwandikia paroko.

Fermo


Lesarda, 11 Julai 1975

Mdogo wangu,

Hujambo na mgongo? Paka mafuta ya kafuri kama Mama alivyokuwa akimpaka baba. Hapa watalii wamejaa hadi kwenye ngazi za kanisa. Wamepiga picha soksi za Celso kwenye kamba, sijui watamwonyesha nani. Gaudenzio ameteguka mguu akiruka kutoka botini mbele ya Wajerumani. Walimpigia makofi, wakidhani ni sehemu ya matembezi.

Paroko mwandikie. Anakujua.

Umesema ulikuwa unamwaga sakafu ya hospitali. Basi acha nikueleze habari za mtu mwingine, anayefanana nawe.

Mtu huyo alishuka kwenye meli kutoka mji wa Stresa, katikati ya Septemba, amevaa kofia ya majani kama tajiri wa sinema. Alikuwa na mke mwenye koti la kijani na mzee mwekundu wa uso anayetembelea fimbo. Walipanga vyumba katika hoteli kubwa hapa chini yetu, vyumba vya mbele, vinavyotazama ziwa. Kesho yake walikwenda kisiwani kwa boti. Boti zote za hapa zinakwenda kisiwani, ila huyo bwana alichagua ya mtu ambaye si Celso. Katikati ya ziwa boti zikapishana, karibu kugusana. Celso alirudi nyumbani akaniambia: "Leo nimemwona ndugu yako. Ameinama kufunga kamba za kiatu mpaka tumepita. Viatu vyenyewe havina kamba."

Nikamwambia Celso jua limempiga.

Siku iliyofuata, mwenye koti la kijani alisimama kwa Zelinda, muuza maua wa pale kwenye lango la makaburi. Kiitaliano chake ni cha dukani, alisema Zelinda, lakini kinaeleweka.

Zelinda akamuuliza: "Maua ya nani, mama? Nikuchagulie?"

"Ya mama wa mume wangu. Yeye amekufa, zamani. Leo mimi naona kaburi mara ya kwanza."

"Maskini. Ukoo gani?"

"Zanola."

Zelinda alimpa maua, akafunga kibanda, akapanda ngazi zote na unene wake ule. Mama alikuwa amekaa anamenya vitunguu.

"Orsola," anasema, hata pumzi hana, "wewe umekufa lini, mbona hukuniambia nivae nyeusi?"

"Nimekufa? Basi afadhali, hivi vitunguu vimenitoa machozi. Nani kasema?"

"Mkaza mwana wako. Yuko chini na maua. Nimemuuzia mimi mwenyewe, mazuri sana."

Mama alicheka. Fermo, nataka ujue kuwa kwanza alicheka. Kisha akauliza: "Na Fermo yupo?" Zelinda akasema yupo, amesimama mbele ya kaburi la Onorina, kofia mkononi.

Shangazi Onorina! Dada yake baba, aliyekufa bila kuolewa, mwenye masharubu hata kwenye picha ya kaburini. Ulimpeleka mkeo akamlilie yule kwa sababu tu jina la ukoo kwenye jiwe ni moja.

Mama hakuteremka. Alimtuma Celso akanunue samaki wa ziwani, akapika na wali kama ulivyokuwa ukipenda. Akavaa hereni. Akaacha mlango wazi. Mimi nikasema niende hotelini nikakuvute kwa kola. Akanishika mkono: "Mwache. Ana aibu. Wageni wake wakilala atapanda mwenyewe." Kesho yake akapika tena. Kesho kutwa tukasikia honi ya meli, na wewe ulikuwa ndani. Mama akaenda kufunga mlango kwa mkono wake.

Jioni ile alikwenda makaburini. Akayatazama maua. Akasema: "Onorina, hongera. Maisha yako yote hukuletewa ua na mwanamume."

Krismasi ikaja kadi yako: kazi imenibana, natamani sana kuja siku moja, Maureen anawasalimu. Mama akaniambia niisome mara mbili. Akanikataza kukujibu neno juu ya hayo, na nikatii mpaka amekufa.

Sasa niambie, hizo salamu za Maureen za miaka yote, alikuwa akizituma nani?

Mama alisema neno moja zaidi kitandani, juu ya jina lako. Hilo sikuandikii.

Ersilia


Melbourne, 30 Septemba 1975

Dada,

Nakuamkia. Nimekaa na barua yako muda mrefu. Mgongo haujambo.

Sawa. Nilikuwepo.

Lakini usiandike kama hakimu, kwa sababu hukuwapo mambo yalipoanza. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Mzee Doyle, baba yake Maureen, aliniweka barazani kwake, akaniuliza maswali kama anayenunua farasi. Unakunywa? Unasali wapi? Halafu akasema: "Ninyi Waitaliano, mtu akiwaoza binti amemwoza na mama mkwe juu. Siku moja mnamleta, anakaa jikoni, mtoto wangu anageuka mtumishi. Mama yako yu hai?" Nikasema amefariki. Neno lilitoka lenyewe. Akanimiminia bia, akasema pole, kijana, na harusi ikapangwa. Sasa ningesema nini? "Samahani, mzee, amefufuka"? Na nikishasema yupo dada, ataulizwa dada habari za mama. Kwa hiyo na wewe nikakufuta. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Mimi yangu imekuwa ya miaka kumi na minane, na siku zote natembea nikiangalia nyuma.

Safari ile haikuwa yangu. Mzee alitaka kuona ziwa kabla ya kufa, na Maureen akasema, "Tutakwenda kijijini kwa Fermo, tuweke maua kwa mama yake." Nilitaja vijiji vingine. Nilisema hoteli imefungwa. Alikuwa amekwishalipia.

Unadhani nilifurahi? Meza yetu hotelini ilikuwa dirishani, na dirisha linatazama juu, kwenu. Nilimwona Mama akitoka kukung'uta kitambaa cha meza. Mzee akaniuliza kama samaki ni wabichi. Nikasema ndiyo, ni wabichi, nikaendelea kula. Umeridhika?

Hata hivyo ni mama yangu. Kosa la mtu halimwondoi tumboni alikotoka. Sikubali kufutwa na wewe mbele ya mji wote. Usipoliweka jina langu Januari, nitamwandikia Tadini achape tangazo langu peke yangu na alibandike kando ya lenu. Watu wasome mawili. Wacheke wanavyotaka.

Na hilo neno alilosema Mama ni langu. Nilipe.

Fermo


Lesarda, 8 Novemba 1975

Fermo,

Hatujambo. Ukungu umeshuka na hoteli zimefungwa, tunaweza tena kutembea mjini kwetu. Wafu tumewasafishia makaburi tarehe mbili, Siku ya Marehemu. La Onorina nimelisafisha pia, kwa kuwa sasa ni mama yako.

Mwandikie Tadini. Matangazo mawili ya marehemu mmoja, ya ndugu wawili, ukuta mmoja! Majira ya baridi hapa ni marefu na watu hawana burudani. Utakuwa umewasaidia sana.

Mzee Doyle amekufa. Umeniandikia wewe mwenyewe, mwaka jana. Uliyekuwa ukimwogopa yuko chini ya udongo, na bado barua zangu zinakwenda karakana. Kwa hiyo usinitupie yule mzee usoni. Tangu afe, uwongo huo ni wako peke yako.

Umedai neno la Mama. Chukua. Ilikuwa siku muuguzi Pia alipomwosha nywele. Akasema: "Ersilia, kwenye tangazo langu usimweke Fermo. Hapana, si kwa hasira. Yeye alishanizika, na maua alileta. Mtoto hamziki mama mara mbili." Kisha akaomba kahawa.

Alisema si kwa hasira. Hasira ni yangu mimi, na ninayo ya kutosha kwa wote wawili.

Lakini Mama alisema tangazo la msiba. La mwaka hakulitaja, na mimi si mtu wa kumwongezea marehemu maneno. Kwa hiyo nakupa njia moja. Unajua desturi: hapa mwanamume aliyeoa haandikwi peke yake, labda mkewe awe amemkimbia. Huandikwa mwanawe fulani na mkewe fulani. Nitakuandika hivyo, Fermo na Maureen, na utakuwa wa kwanza, juu yangu. Ila sitaandika jina la mwanamke anayemwomboleza mtu bila kujua kuwa mtu huyo alikuwa hai hadi Januari. Mwambie. Mwambie yote, na samaki ukawataje. Ukishamwambia, niandikie neno moja tu, nitakwenda kwa Tadini siku hiyohiyo.

Ukiniandikia uwongo nitajua. Sijui nitajuaje, lakini Zelinda bado ana miguu.

Ersilia


Melbourne, 8 Desemba 1975

Dada,

Nimemwambia.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Alikuwa anamenya viazi. Nilisema yote, hata hilo la dirishani. Hakulia, hakunitukana. Nilipomaliza aliuliza jambo moja: "Yule mwanamke wa kwenye picha alikuwa nani?" Nikasema shangazi. Akasema: "Nilikwambia una pua yake." Akamalizia viazi, tukala.

Tangu hapo anazungumza nami habari za maziwa na funguo. Wiki hii amekwenda Ballarat kwa dada yake, atakaa huko Krismasi yote. Anahitaji muda, na mimi nampa.

Kwa hiyo nimetimiza. Andika kama ulivyoahidi: mwanawe Fermo na mkewe Maureen. Sitaweza kuja. Lakini nataka siku ile, mtu akienda kununua mkate, anione.

Fermo


Lesarda, 21 Januari 1976

Fermo,

Wifi hayuko Ballarat.

Alishuka kwenye treni ya Milano siku nne kabla ya misa, na koti lake lile la kijani, sanduku moja, na baridi imemkausha midomo. Zelinda alimtambua kabla hajafungua mdomo, akamleta mpaka mlangoni, akagoma kuondoka. Maureen alisimama kizingitini. Alikuwa amejifunza sentensi njiani, nikaona anaitafuta, imempotea. Akasema tu: "Mimi ni Maureen. Mimi salamu sikutuma."

Nikamwambia najua, ingia, joto la jiko linatoka nje.

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, kusema kweli. Mtu anayekaa na mume miaka kumi na minane bila kushuku kitu nilimwona mjinga. Sasa ninamwona vingine. Wewe una uso mzuri wa kudanganyia, Fermo, tangu utotoni. Mimi mwenyewe nilisoma kadi zile kwa sauti.

Amelala kitanda cha Mama. Yule Pia aliyemuuguza Mama alimwonyesha nguo zilizobaki. Celso anamzungumzia kwa kelele akidhani ndivyo mgeni anavyoelewa, naye anamjibu kwa kelele vilevile, na wanapatana. Makaburini nilimpeleka mwenyewe. Alisimama kwanza kwa Onorina, akamwambia samahani. Kwa Mama alikaa muda mrefu na mimi nikasimama mbali, sikutaka kusikia. Aliporudi aliniuliza Mama alikuwa na sauti ya namna gani. Nilijaribu kuiigiza. Nadhani sikukosea sana.

Sasa habari za tangazo, maana hilo ndilo ulilotaka.

Nilitimiza ahadi. Nilikwenda kwa Tadini nikamwandikia: mwanawe Fermo na mkewe Maureen, binti yake Ersilia na mumewe Celso. Wewe wa kwanza. Maureen akaomba twende wote aone herufi zinavyopangwa. Tadini, kwa kuwa hajapata mgeni tangu Oktoba, akavaa tai. Akatoa nakala ya kwanza, akampa aisome. Akaisoma kwa kidole, neno kwa neno. Kisha akachukua penseli iliyokuwa nyuma ya sikio la Tadini, akachora mstari juu ya jina lako.

Tadini akanitazama. "Signora, nifanyeje? Huyu ndiye mwana."

Nikamwambia muulize mwenyewe.

Maureen akasema, polepole, akitafuta kila neno: "Yeye alikuja kwa maua, nikalia mimi. Mimi ndiyo nilikuja. Andika mimi."

Sikumshawishi na sikumzuia. Nilikuwa nimekuahidi kuandika, na niliandika. Penseli ilikuwa mkononi mwa mkeo.

Limebandikwa tangu Ijumaa: mkaza mwana wake Maureen, binti yake Ersilia na mumewe Celso. Jumamosi kwenye misa Maureen alikaa kiti cha mbele, upande wa familia, na watu walikuja kumpa mkono mmoja mmoja kama ilivyo desturi, hata paroko. Anasema atakaa mpaka kamelia zichanue, halafu ataona. Atakuandikia akiwa tayari, na atakuandikia nyumbani, si karakana. Usije kabla hajakuita. Hilo ni agizo langu, si lake.

Asubuhi hii nilisimama dukani nikisubiri mkate, nikawatazama watu wakisoma ukuta. Wamelisoma wote, juu hadi chini. Hakuna aliyeuliza uko wapi.

Ersilia